Waya Juu ya Mlango

Pale kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Pacha, kwa sababu siku alipojifungua mapacha katika wodi ya ghorofa ya juu, nusu ya idara ya mionzi ilipanda ngazi kwenda kuhakikisha kwa macho. Mapacha wenyewe sasa walikuwa wamempita kimo, jina limebaki. Kazi yake ilikuwa kuwalaza wagonjwa wa saratani kwenye kitanda chembamba cha mashine, kuwapanga mpaka alama za wino mwilini mwao zikutane na mistari ya mwanga, kisha kutoka, kufunga mlango na kuiwasha mashine akiwa nje.

Mlango ulikuwa mzito, umetiwa risasi ndani. Wagonjwa wapya wakisikia "mlango wa risasi" hukunja uso, na Mama Pacha alikuwa na jibu lake: "Si zile za bunduki. Hii ni madini ya risasi, ya kuzuia mionzi, haimpigi mtu." Ukishaingia mlangoni unakuta ujia uliopinda, kuta zake za zege nene kupita kiasi, ndipo unafika chumbani. Ujia ulipindishwa makusudi, ili mionzi igonge kuta na kuishiwa nguvu kabla haijafika nje.

Mwenzake wa zamu alikuwa mzee waliyemwita Mstaafu. Kwa miaka mingi alijibu kila jambo kwa kusema "mimi karibu nastaafu," hata siku yenyewe ilipokaribia kweli hakuna aliyemwamini. Na fundi wa mitambo aliitwa Dawa. Usemi wake ulikuwa "kila tatizo lina dawa yake," na watu walisema hospitali ikiishiwa dawa zote, hiyo moja haikosekani.

Dawa alikuwa amemwoa mdogo wake Mama Pacha. Shemeji hawa wawili hawakupishana bila utani. Dawa akimkuta koridoni humwambia kwamba nyumbani kwao walimdanganya, alikuja kuposa mkubwa wakampa mdogo. Naye humjibu kwamba mkubwa alichungulia dirishani akamwona anavyokuja, akatorokea mlango wa nyuma. Wagonjwa waliokaa benchi walikwisha kuuzoea utani huo, na siku ambayo Dawa hakupita waliulizia.

Sasa, juu kabisa kwenye fremu ya ule mlango mzito palikuwa na swichi ndogo. Mlango ukifungwa, swichi inabonyea na mashine inapata ruhusa ya kuwaka. Mlango ukifunguliwa hata upana wa vidole viwili, mashine inakatika papo hapo. Swichi hiyo ilikuwa imechoka. Mgonjwa amelala, mlango umefungwa vizuri, mashine inafanya kazi, mara inazimika na skrini inadai mlango uko wazi. Unafungua, unafunga, unaanza upya. Swichi mpya ilikuwa imeagizwa tangu mvua zilizopita na hakuna aliyejua imefika wapi. Wagonjwa walikaa benchi mpaka jua linazama, wengine wakarudishwa nyumbani bila kutibiwa, na mganga mkuu akawa anampigia Dawa simu nyingi kuliko alizompigia mkewe.

Siku yenyewe, asubuhi, Mama Pacha na Mstaafu walifanya ukaguzi wao kama kawaida kabla ya mgonjwa wa kwanza. Mojawapo ya mambo wanayokagua ni hilo: unawasha mashine chumba kikiwa kitupu, unafungua mlango kidogo, unaona kama itazimika. Ilizimika. Mchana walikwenda kula, na waliporudi walimkuta Dawa anakunja ngazi yake.

"Sasa haitawasumbua," alisema.

"Mungu akuzidishie," Mstaafu akamwambia.

Mama Pacha alidhani swichi mpya imefika. Alitaka kuuliza, lakini simu ya Dawa ililia. Jenereta ya chumba cha upasuaji ilikuwa imegoma. Dawa akaondoka na ngazi begani. Na kweli, mchana ule mashine haikuzimika hata mara moja. Benchi likaanza kupungua.

Ikafika zamu ya mama mmoja mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa akitibiwa titi. Walimpanga, wakatoka. Mama Pacha alitoka wa mwisho. Akabonyeza kitufe cha ukutani kinachoiambia mashine kwamba ndani hamna mtu ila mgonjwa, akavuta mlango. Alipotupa jicho kwenye skrini ya kamera aliona shuka limeteleza, miguu ya mgonjwa iko wazi mpaka mapajani. Mama yule alikuwa mtu wa stara. Kila siku aliuliza kama kamera hiyo inaonwa na wanaume, na kila siku Mstaafu alimjibu kwamba yeye karibu anastaafu.

"Narudi kumfunika," Mama Pacha alisema, akafungua mlango akaingia.

Mstaafu hakumsikia. Alikuwa na simu ya mezani sikioni. Wodini walimuuliza kama mgonjwa wao ashushwe sasa au angoje. Akawaambia wamshushe, akaweka simu, akageukia skrini. Mlango uko mgongoni mwa anayekaa pale. Skrini ilimwambia kila kitu kiko tayari, mlango umefungwa, chumba kimehakikiwa. Kwenye kamera alimwona mgonjwa peke yake, kwa kuwa kamera haifiki kwenye ujia. Kiti cha Mama Pacha kilikuwa kitupu, lakini yeye mara nyingi husimama nyuma. Mstaafu akabonyeza.

Mama Pacha alikuwa katikati ya ujia aliposikia mlio wa mashine. Ni mlio alioujua kuliko sauti za wanawe, lakini siku zote aliusikia kupitia spika, kwa mbali. Safari hii ulikuwa mbele yake, nyuma ya kona, na taa nyekundu ya ukutani ilikuwa inawaka. Akili yake ilikataa. Mlango ameuacha wazi, na mashine haiwaki mlango ukiwa wazi. Akili ikibishana hivyo, mwili ulikwisha kugeuka. Alipiga kiganja kwenye kitufe kikubwa cha dharura ukutani, na mlio ukakatika.

"Tayari?" mgonjwa aliuliza kutoka chumbani. "Leo mmekuwa wepesi."

"Bado, mama. Tulia hapo, nakuja."

Aliingia, akamfunika shuka, akakishusha kitanda, akamwambia mashine ina hitilafu na kipande cha matibabu kilichobaki atakimalizia siku nyingine. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Alimsaidia kuvaa, akamtoa hadi benchi. Ndipo alipomtazama Mstaafu. Mzee alikuwa amesimama, mikono ameishika kifuani kama mtu anayesikia baridi.

"Ulikuwa ndani?"

"Nilikuwa ujiani."

"Skrini ilionyesha mlango umefungwa. Njoo uone mwenyewe. Hata sasa inaonyesha umefungwa."

Wote wawili waligeuka kuutazama mlango, nao ulikuwa wazi kabisa. Mama Pacha akavuta kiti, akapanda. Juu ya fremu, pale kwenye swichi, palikuwa na kipande kifupi cha waya wa kijani kilichounganisha ncha zake mbili ili mashine ione mlango umefungwa siku zote, kimezungushiwa utepe mweusi pande zote. Kazi safi. Dawa hakuwa fundi wa kulipua kazi.

Walimpigia akaja, mikono bado ina grisi ya jenereta. Mama Pacha alimweleza kwa maneno machache. Dawa alikaa chini.

"Nilitaka kuwaambia," alisema. "Nilikuwa niwaambie mhakikishe mlango kwa macho kila mara. Simu ikanitoa."

"Ungetuambia, ungekuwa umetuachia macho ya Mstaafu badala ya swichi."

"Shem, ungefanya nini wewe? Jana watu wamerudishwa wanalia. Mimi ndiye ninayetukanwa." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Nautoa waya sasa hivi. Mwanafizikia wa kukagua usalama yuko safarini, anarudi kesho. Tukinyamaza sisi watatu, limekwisha. Hukuingia chumbani, ulikuwa ujiani tu. Ajali haina kinga."

"Hii ilikuwa na kinga yake," Mama Pacha alisema. "Imefungwa waya."

Dawa alitazama upande wa Mstaafu, na Mstaafu akatazama sakafu.

"Mimi sina la kuomba," mzee alisema hatimaye. "Aliyebonyeza ni mimi. Ila nilitamani niondoke hapa na jina langu likiwa safi."

Mama Pacha aliizima mashine, akatoka kuwaambia waliokuwa benchi kwamba leo basi. Mmoja alisonya, mwingine akauliza nauli ya kesho nani atamlipia. Mama Pacha hakumwambia mtu yeyote kilichotokea, wala hakuahidi kunyamaza.

Alifika nyumbani mapema kuliko siku zote, akaenda moja kwa moja kuoga. Alijua vizuri, na aliwahi kuwaeleza watu wengi, kwamba mionzi ile haibaki mwilini kama vumbi. Mashine ikizimika, imekwisha, hakuna cha kusafisha. Hata hivyo alijisugua mikono na shingo mpaka ngozi ikawasha. Akatoka, akakaa kitandani, akarudi kuoga tena. Binti yake alibisha mlango.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Joto tu."

Hakuna lililouma, na hilo ndilo lililomsumbua. Mtu akiungua moto anajua ameungua wapi. Yeye alijitazama kwenye kioo, hakuona kitu. Beji yake ya kupimia mionzi ilikuwa kifuani pa sare, nayo inasomwa maabara, huiangalii kwa macho ukajua.

Jioni, jua likiwa bado juu ya mapaa, mdogo wake alikuja. Alikuwa na mfuko wa machungwa, akauweka mezani bila kusema ni wa nini. Aliwasalimia watoto, akasifu mapazia ambayo alikuwa ameyaona mara mia, kisha akafunga mlango wa sebule.

"Dada, umeshamwambia mtu?"

"Bado."

"Basi nakuomba usimwambie. Shemeji yako hali chochote, amekaa tu. Anasema akifukuzwa hapo hapati kazi nyingine ya mitambo. Tutakwenda wapi na watoto? Na wewe mwenyewe, yeye amesema hukudhurika."

"Yeye amejuaje?"

Mdogo wake aliusogeza mfuko wa machungwa. "Sisi ni damu moja," alisema kwa sauti ndogo. "Mambo ya ndani humalizwa ndani."

Mama Pacha alichukua chungwa, akaligeuzageuza mkononi. Alikuwa ameyatarajia maneno hayo, na alikuwa amejiandaa kuyajibu kwa hasira, lakini alipomwona mdogo wake amekaa ukingoni mwa kiti, mkoba bado begani, hasira haikuja.

"Nikuulize. Mumeo akiingia kuitengeneza ile mashine, hukaa wapi?"

"Sijui. Sijawahi kuingia humo."

"Hulala chali sakafuni, chini ya kichwa cha mashine, pale pale mionzi inapotokea. Bisibisi anaiweka kifuani. Nje, mezani, amekaa mtu mwingine akijaribu hiki na kile. Unajua kinachomfanya alale pale na kupiga mluzi?"

Mdogo wake alitikisa kichwa.

"Anauacha mlango wazi. Mlango ukiwa wazi, mashine haiwaki hata ukiipigia magoti. Mafundi wote hutegemea hilo. Leo swichi inayolinda hilo kaifunga waya yeye kwa mkono wake. Angeisahau hapo wiki moja, kwa sababu ya jenereta, kwa sababu ya simu za mganga mkuu, halafu akaingia kukaza skrubu na mtu mezani akabonyeza, habari ambayo ningekuletea isingekuwa ya ujiani, ingekuwa ya msiba."

Nje watoto walikuwa wakigombania kitu.

"Mimi aliniambia ni waya tu," mdogo wake alisema.

"Ni waya tu."

"Kwa hiyo utasema."

"Nitasema kesho asubuhi, mwanafizikia akifika. Nimengoja leo ili yeye apate nafasi ya kutangulia kusema mwenyewe. Mficha maradhi, wewe unajua kifo kinavyomuumbua. Mwambie hivyo. Na umwambie sikumkasirikia." Alifikiri kidogo. "Hapana, hilo usimwambie. Nimemkasirikia."

Mdogo wake aliondoka bila kunywa chai. Machungwa aliyaacha.

Asubuhi Mama Pacha alimkuta Dawa amekaa kwenye benchi la wagonjwa, amevaa shati lililopigwa pasi. Dawa hakumtania. Hakumwita shemeji.

"Mdogo wako amenikesheza kwa maswali," alisema. "Twende."

Mwanafizikia wa hospitali, ambaye pia ndiye msimamizi wa usalama wa mionzi, alikuwa mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi. Alimsikiliza Dawa akisimulia mwanzo mpaka mwisho. Dawa hakujitetea sana. Alipofika kwenye zile simu za mganga mkuu alisita, kisha akaziruka, na ni Mama Pacha aliyezitaja. Mstaafu aliingia katikati ya mazungumzo na kusema sehemu yake akiwa amesimama, kama mtoto mbele ya mwalimu.

Mwanafizikia hakumkaripia yeyote. Aliomba kuuona waya, akautia kwenye bahasha. Akamchukua Mama Pacha hadi ujiani, mashine ikiwa imezimwa, akamwambia asimame alipokuwa amesimama. Alichora alama ya chaki sakafuni. Akamwambia atembee tena kama jana, asikie mlio, ageuke, agonge kitufe. Walirudia mpaka Mama Pacha akaona aibu, kama watu wanaofanya mazoezi ya igizo. Kisha wote walitoka, kifaa cha kupimia kikaachwa juu ya alama ya chaki, mlango ukafungwa, mashine ikawashwa kama ilivyokuwa imewekwa kwa yule mama wa vitambaa. Mwanafizikia alipiga hesabu zake kwenye kipande cha karatasi, akazipiga upya.

"Mionzi uliyopata ni pungufu ya ile ya picha moja ya eksirei ya kifua," alisema. "Beji yako itapelekwa isomwe haraka, lakini sitarajii kitu kingine. Nenda ukalale vizuri leo."

Mama Pacha aliitazama ile karatasi.

"Na kama ningekuwa nimeshapinda kona?"

Mwanafizikia alianza kuikunja ile karatasi. "Hukupinda," alisema.

Siku zilizofuata hazikuwa za raha. Mashine ilisimamishwa mpaka swichi mpya ipatikane, na wagonjwa hawakuona kwa nini wao waumie kwa sababu ya kidude kisichozidi kidole gumba. Mama wa vitambaa alikuja mezani kudai kipande chake kilichobaki. Mama Pacha alimwambia ukweli wote. Mama yule alisikiliza, akauliza, "Ulirudi kwa ajili ya shuka langu?" Alipoambiwa ndiyo, akasema kwamba tangu siku hiyo shuka atalifunga kwa pini.

Mganga mkuu aliita kikao. Alikuja na maswali kuhusu Dawa, akaondoka na maswali kuhusu yeye mwenyewe, kwa sababu mwanafizikia alitaka kujua nani alikuwa akishinikiza mashine iendelee. Swichi iliyokuwa haijulikani iko wapi tangu mvua zilizopita ilionekana kabla wiki haijaisha. Ilikuwa boharini, kwenye boksi lililoandikwa vifaa vya jikoni.

Dawa alipewa onyo, akaondolewa kwenye mashine za mionzi na kupelekwa kwenye mitambo ya dobi na majiko kwa miezi kadhaa. Hakufukuzwa. Mstaafu hakupewa adhabu, lakini alijipa mwenyewe: kwa siku zake zilizobaki hakubonyeza kitu mpaka ameita kwa sauti, "Nani yuko ndani?" na kungoja jibu, hata kama Mama Pacha amekaa karibu naye bega kwa bega. Mwanafizikia aliipenda tabia hiyo, akaifanya kuwa sheria kwa wote. Majibu ya beji yalirudi kama alivyosema.

Nyumbani mambo yalichelewa kupona. Kwenye shughuli za ukoo Dawa alimsalimia Mama Pacha kwa heshima kubwa, na hiyo heshima ndiyo iliyokuwa ikiuma. Wakwe na wajomba waliona. Mama yake mzazi alimwambia Mama Pacha kwamba mtu akiacha kukutania ujue amekuondoa moyoni, na Mama Pacha akajibu kwamba yuko tayari kukaa nje ya moyo wa mtu mzima mwenye afya. Lakini alilia njiani akirudi.

Dawa alirudishwa idarani baada ya Mstaafu kustaafu kweli na kuagwa. Asubuhi ya kwanza mashine ilikuwa na kelele ya ajabu kwenye shingo yake, na ilibidi mtu aingie kuitazama. Alifika na sanduku lake la vifaa, amekonda kidogo, beji mpya kifuani. Alisimama mbele ya meza anapokaa Mama Pacha, akanyoosha mkono, akauchomoa ufunguo wa kuwashia mashine, akautia mfukoni.

"Nakwenda nao," alisema.

"Nenda nao."

"Si kwamba sikuamini."

"Usiniamini. Hata mwanafizikia asemeje, humo ndani usimwamini mtu."

Dawa alifika mlangoni, akaufungua hadi mwisho, akaweka sanduku pale ili usijirudie. Kisha akageuka.

"Shem," alisema, "mdogo wako anasema siku hizi unazeeka. Nimemwambia bahati yangu, maana ni wewe niliyenusurika kukuoa."

"Ingia ufanye kazi," Mama Pacha alisema. "Watu wanangoja."

Akamwona kwenye kamera akilala chali sakafuni, akisogea taratibu mpaka kichwa chake kikapotea chini ya mashine. Yeye alibaki mezani. Bila ufunguo hakukuwa na la kufanya ila kukaa, na alikaa, akisikiliza kupitia spika bisibisi ikigonga chuma na mtu akipiga mluzi bila kufuata wimbo wowote.